Mikumi na Udzungwa wikiendi ya Nanenane: nani anahesabiwa, nani anapita tu

Nimerudi Dar, mapaja bado yanauma, na suruali yenye tope la Sanje imefuliwa mara mbili na doa liko palepale. Haya nimeyakusanya kutoka kwenye daftari langu na picha za simu. Bei na saa ni za daftarini. Mazungumzo ni ya kukumbuka, mnisamehe nikimwekea mtu neno lake vibaya kidogo.

Kilichonitoa nyumbani ni mtoto wa kaka yangu. Anasoma Mweka, chuo cha wanyamapori kule chini ya Mlima Kilimanjaro, na alipewa kazi ya kueleza jinsi wageni wanavyohesabiwa katika hifadhi mbili zisizofanana. Akachagua Mikumi, ambako watu huzunguka kwa gari, na Udzungwa, ambako mgeni hupanda kwa miguu yake. "Shangazi, si wewe ulikuwa keshia? Njoo unisaidie kuhesabu." Nilikaa dirishani benki mpaka nikastaafu, kwa hiyo nilijua mara moja kwamba kinachotafutwa ni nauli. Nikaenda hivyohivyo.

Alhamisi, 7 Agosti: Dar, Morogoro, Mikumi

Treni ya SGR mpaka Morogoro, daraja la kawaida, 13,000 kwa mtu. Tulikata tiketi mapema kwa simu kwa sababu wiki ya Nanenane, sikukuu ya wakulima, Morogoro hufurika watu wa maonesho. Kwenye kiti cha mbele yetu mzee mmoja alikuwa na mtetea kwenye kikapu, kafunikwa kitenge, na mtetea yule hakusema neno mpaka tunashuka.

Humo ndani ndipo kijana wangu aliponipa somo la kwanza. Alikuwa ametoka kwenye mazoezi ya vitendo njia ya Marangu, ya kupanda Kilimanjaro. Kule kila kituo kina daftari: mpandaji anaandika jina, nchi na umri pale Mandara, anaandika tena Horombo, anaandika tena Kibo. Ukichukua madaftari yote ukajumlisha bila kuangalia majina, mtu mmoja kageuka watatu. Halafu wapagazi. Mizigo yao hupimwa, isizidi kilo 20, kwa hiyo si kwamba hawajulikani. Lakini ukiuliza mlima ulipokea wageni wangapi mwaka huu, wapagazi hawamo katika jibu, wala wapishi, wala waongozaji, na wao ndio wengi kuliko wageni wenyewe. Njia inakanyagwa na wote. Choo ni cha wote. "Sasa shangazi, aliyeutumia mlima ni nani?"

Nikamwambia aniache ninywe chai.

Chini ya saa mbili tulikuwa Kihonda, kwenye stesheni ya Morogoro. Bajaji mpaka Msamvu, stendi ya mabasi, 4,000 kwa wawili. Hapo ndipo mwendo ulipoisha. Gari la Mikumi lilikuwa "linaondoka sasa hivi", na sasa hivi hiyo ilidumu tangu saa tano asubuhi mpaka saa tisa kasorobo. Injini inawashwa, inasogea hatua tatu, inazimwa. Tulikula viazi vya kukaanga na mishikaki miwili miwili, 3,500 kwa sahani, tukanunua machungwa, tukamaliza machungwa. Nauli 8,000.

Kwa atakayefuata: kama unashuka treni Morogoro ukielekea Mikumi, usipande gari linaloishia Mikumi. Uliza mabasi ya Iringa au Mbeya yanayopita, ukubali kulipa zaidi kidogo. Yale yana ratiba ya mbali, hayakai kusubiri abiria mmoja wa Doma.

Baada ya Doma unaingia hifadhini na barabara haikuombi kibali. Hii ndiyo ajabu ya Mikumi: barabara kuu ya Dar kwenda Zambia inaipasua hifadhi katikati kwa takriban kilomita 50. Vibao vinasema 70 kwa saa mchana, 50 usiku, na kuna bango la faini, kila mnyama na bei yake ukimgonga. Jua lilikuwa limeanza kushuka. Kijana alitoa kidude chake, kile cha chuma cha kubofya kwa dole gumba, akahesabu magari yanayokuja upande wa pili: malori ya Tunduma, malori ya Kongo, mabasi, pikipiki yenye magunia ya mkaa, gari la harusi lenye maua. Alipoacha kubofya dole lilikuwa limekufa ganzi.

Abiria wakasimama kuona tembo, watano, karibu kabisa na lami. Mama mmoja alimnyanyua mwanawe juu ya bega la mtu asiyemjua, na yule mtu akamshika mguu mtoto asidondoke, huku akiendelea kuongea na simu. Konda akasema kwa sauti: "Haya, mmeona tembo bila kulipa, mnidai chenji!"

Kijana akaniandikia daftarini, kwa mkono wake, kwamba wataalamu wa hifadhi hutenganisha watu wa aina mbili. Kuna *aliyeingia*, yaani yeyote aliyevuka mpaka kwa sababu yoyote: dereva wa lori, mwalimu anayekwenda kazini, mleta mikate. Na kuna *mgeni*, aliyekuja kwa kile ambacho hifadhi iliwekewa, kuangalia, kujifunza, kupumzika. Sisi humo ndani ya basi tulikuwa kundi la kwanza. Tembo, kwa upande wake, haoni tofauti. Kelele ya basi ni ileile, na anayegongwa usiku hagongwi na gari la watalii, maana hilo linakuwa limeshatoka hifadhini.

Mikumi mjini tulifika giza limeingia. Chumba 25,000, maji ya moto ya ndoo, neti nzima. Wali maharage na mchicha 3,000.

Ijumaa, 8 Agosti: Nanenane hifadhini

Mwenye nyumba ya wageni alisikia tunatafuta gari akatuuliza kama hatutajali kuchangia. Ghorofa ya juu walilala watu kutoka Iringa: baba, mama, watoto wawili, bibi, na mtoto mchanga. Land Cruiser ya jamaa yake ilikuwa 200,000 kwa siku na mafuta. Baba yule akasema sisi tutoe 70,000, wao walio wengi watamalizia. Nilitaka kuongeza, akakataa katakata. "Mama, mmekuja na kijana anayejua majina ya ndege. Hiyo imetosha."

Geti la Kikoboga saa moja asubuhi tayari kulikuwa na foleni. Basi la shule, basi la kwaya, magari madogo ya watu wa Morogoro waliokuja kula sikukuu. Mtanzania mtu mzima alikuwa analipa 5,000, ukiongeza kodi ikawa 5,900. Fedha taslimu haipokelewi. Unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu au kadi. Mtandao wa simu yangu siku hiyo ulikuwa unakuja na kuondoka, nikasaidiwa na kijana wa basi la kwaya aliyenilipia kwa simu yake, nikampa noti mkononi. Namba yake sikuichukua, na kwenye picha zote ametokea mgongo.

Kwa atakayefuata: weka salio la kutosha kwenye simu ukiwa bado mjini, na ukienda na kundi ombeni namba moja ya malipo kwa wote. Kibali ni cha kuingia mara moja. Ukitoka kwenda kula mjini ukarudi, ni kibali kipya, kwa hiyo beba chakula.

Sasa hesabu. Risiti yetu ilikuwa ya watu saba. Garini tulikuwa wanane bila dereva, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka mitano halipi, na wa kwetu alikuwa mgongoni mwa mama yake kalala. Askari wa getini alichungulia ndani, akahesabu vichwa kwa kidole, akafika kwa yule wa mgongoni akatabasamu. Nikiwa keshia ningesema daftari halijafunga: fedha saba, vichwa vinane. Kwa mwenye hazina saba inatosha. Kwa anayepanga vyoo, au anayejiuliza ni watu wangapi wa kuwatoa moto ukishika, wa nane naye ni mtu.

Na kinyume chake pia kipo. Siku hizi husikika sana kwamba mwaka 2024 Tanzania ilipata watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2.1. Hao huhesabiwa mipakani na viwanja vya ndege. Mmoja wao akitua Kilimanjaro, akaenda Tarangire, akashuka Ngorongoro, akalala Serengeti, mpakani ni mtu mmoja na kwenye mageti ni ziara tatu. Anayejumlisha mageti yote ya nchi akaliita jibu "watu" amezaa watalii ambao mama zao hawawajui. Neno zuri ni ziara, na kijana alilipigia mstari mara mbili.

Tambarare ya Mkata asubuhi ile ilikuwa na kila kitu isipokuwa simba. Twiga, pundamilia, nyumbu, nyati kundi zima limelala. Bibi wa Iringa, ambaye maisha yake yote amepita barabara kuu ya hapa kwa basi kwenda kuona wajukuu Dar, ilikuwa mara yake ya kwanza kupinda kona ile ya getini. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema nyati wanamkumbusha mashemeji zake. Tulicheka mpaka dereva akasimamisha gari.

Saa tano tukafika bwawa la viboko, ambapo unaruhusiwa kushuka. Hapo kijana alitaka tukae. Mama wa Iringa akafungua beseni la pilau na kachumbari akatupa sahani bila kuuliza, na sisi tukatoa machungwa mapya. Kila robo saa kijana aliandika magari mangapi yapo kwa wakati mmoja na watu wangapi wako chini. Saa tano na robo, magari kumi na moja na basi la shule. Watoto wanapiga mayowe kila kiboko akipumua. Dereva mmoja kafungulia muziki. Mfuko wa plastiki ulikuwa unaelea majini, na ngedere mmoja tayari alishajua beseni lipi halina mwenyewe. Saa nane kasoro, magari mawili. Ukimya. Viboko walewale, maji yaleyale.

Hapo ndipo nilipoanza kuielewa kazi ya mtoto huyu. Benki kuna salio la jioni na kuna foleni ya saa tano. Meneja huangalia salio. Aliyesimama kwenye foleni na mtoto mgongoni hana habari na salio. Hesabu ya geti ni salio: siku imeingiza wangapi, mwezi wangapi, mwaka wangapi. Lakini bwawa halijazwi na mwaka. Linajazwa na saa tano na robo ya Nanenane. Ukitaka kujua kama viboko wanasumbuliwa, au kama mgeni atakumbuka kiboko badala ya spika ya jirani, unahitaji kujua waliopo kwa wakati mmoja mahali pamoja, na namba hiyo haipatikani getini hata daftari liwe safi vipi. Ikijulikana saa ya kuingia pekee, nusu ya jibu haipo. Ukiongeza saa ya kutoka, angalau unajua walio ndani kila saa, ingawa bado hujui wako bwawani au wako njia ya milimani.

Kijana alikuwa na jibu la kila kitu kuhusu vifaa. Mpira unaotandazwa barabarani, gari likiukanyaga unahesabu ekseli. Waya unaofukiwa chini ya lami, unahisi chuma. Kisha unazidisha magari kwa wastani wa watu kwa gari. "Wastani wa nani?" nikamuuliza. Leo kuna basi la kwaya na kuna mzungu mmoja na dereva wake kwenye gari la viti saba. Akakubali kwamba wastani lazima upimwe upya kila msimu, na sikukuu ipimwe peke yake. Nikaridhika.

Jumamosi, 9 Agosti: Mikumi hadi Mang'ula

Coaster ya Ifakara, 6,000 mpaka Mang'ula, kilomita kama 60. Kabla ya Kidatu gurudumu la nyuma likapasuka. Spea ilikuwepo, jeki ikawa haipo. Tulikaa kivulini karibu na shamba la miwa, msimu wa kukata, matrekta yanapita na matela yanamwaga miwa kila tuta. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza ndizi akaenda mwenyewe kijijini kutafuta jeki, akarudi na mwanaume mwenye jeki na mwingine asiye na kazi yoyote isipokuwa kutoa maoni. Tulinunua mkungu mzima. Ndizi zilikuwa tamu mno, tulizila mpaka Jumatatu.

Baada ya daraja la Ruaha Mkuu pale Kidatu, milima inakuja mkono wa kulia na haiondoki tena. Ukuta wa kijani. Kushoto miwa na mpunga, tambarare hadi macho yanachoka. Mstari kati ya msitu na mashamba umenyooka kabisa, utadhani umekatwa kwa mkasi.

Mang'ula chumba 20,000. Wali wa Kilombero na samaki wa mto 5,000, na niseme bila woga kwamba ule wali harufu yake ilifika kabla ya sahani.

Jioni tulikaa na mzee wa jirani na nyumba ya wageni. Hifadhi ya Udzungwa ilianzishwa 1992, na yeye anakumbuka mpaka ulivyowekwa. Kwa miaka mingi wanakijiji waliruhusiwa kuingia siku maalum kuokota kuni kavu, mpaka ruhusa hiyo ilipofutwa 2011. "Marehemu mke wangu aliingia msitu ule mara nyingi kuliko mzungu yeyote," alisema. "Mimi mwenyewe pia. Sikumbuki mtu aliyeniandika." Hakusema kwa uchungu. Akaongeza kwamba siku hizi amepanda miti yake nyuma ya nyumba, na kwamba kijana asisahau kuandika hilo.

Aliandika. Aliandika pia kitu ambacho sikukitarajia kwa mwanafunzi: kwamba takwimu za wageni huanza siku ambapo mtu anaanza kulipa, na matumizi ya msitu yalianza kabla.

Jumapili, 10 Agosti: maporomoko ya Sanje

Bodaboda kutoka Mang'ula mpaka kituo cha Sanje, 4,000 kila mmoja, alfajiri baridi. Kiingilio kilekile cha 5,900. Huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na ada yake inatozwa kwa kundi, kwa hiyo tulisubiri kidogo tukaungana na vijana wanne wa Ifakara waliokuja na keki, maana mmoja alikuwa na siku ya kuzaliwa. Keki ilipanda mlima mzima ndani ya boksi, wakipokezana.

Kwa atakayefuata: viatu vyenye meno, hata kiangazi. Maji lita mbili. Fimbo utapewa, usikatae kwa sababu ya ujana. Kama magoti yako ni ya miaka yangu, mwambie mwongozaji mwanzoni, si katikati. Wa kwetu alipunguza mwendo tangu hatua ya kwanza na hakuna aliyenung'unika.

Njia inapanda bila kukuuliza. Mizizi, mawe, kinyesi cha tembo mahali ambapo huwezi kuamini tembo amepita. Mbega wekundu wa Udzungwa walikuwa juu yetu, wanarukaruka na kudondosha majani. Kuna nyani wengine, mangabe wa Sanje, ambao hawapatikani kokote duniani isipokuwa milima hii. Watafiti waliwatambua 1979 tu, na tulisikia sauti yao bila kuwaona.

Nilichokiona mimi ni kona. Kila njia inapozunguka kupunguza mwinuko, kuna aliyekata moja kwa moja. Wa pili kamfuata. Sasa kuna mfereji, na mvua ya masika itaugeuza korongo. Mwongozaji alituonyesha matawi waliyoyalaza kuziba njia za mkato, na palepale kando ya matawi njia mpya ya mkato inaanza. Hakuna risiti inayoonyesha kitu hicho. Watu hamsini wanaofuata njia hawaharibu kama kumi wanaokata kona.

Katikati ya mlima kijana akaniomba tufanye jaribio. Kwenye njia za miguu kuna vifaa vinavyofungwa kwenye mti, vinahisi joto la mwili unaopita na kuongeza moja. Hakuwa nacho, kwa hiyo yeye akajigeuza kifaa: akakaa, akachagua miti miwili, akabofya kila mwili ulipovuka mstari, bila kuangalia sura wala upande. Waliovuka wamebanana bega kwa bega, mbofyo mmoja. Mimi nikaandika watu, kwa rangi ya nguo. Jumapili, kwa hiyo lilikuwepo kundi la vijana wa kanisa, wazungu wawili, na watu wa kawaida. Wengine walikuwa wanapanda, wengine wanashuka, na msichana mmoja alisahau chupa akarudi kuichukua, akapita tena.

Yeye akapata mipito 47. Mimi watu 29. Tulikuwa mahali pamoja, muda uleule, wote tuko macho. Akafurahi kama aliyeokota noti. Ndiyo sababu, akasema, kifaa hakiachwi peke yake: mtu lazima aende akae nacho saa kadhaa, siku ya kazi na siku ya mapumziko, apate uwiano wa mipito na watu, ndipo namba za kifaa za mwezi mzima zisahihishwe kwa uwiano huo. Na ndovu? Ndovu naye ana joto. Asipopunguzwa kwenye hesabu, ni mgeni.

Mwongozaji, aliyekuwa amekaa anatafuna jani, akasema wanyama wa huku wamezoea kuhesabiwa kuliko sisi. Tangu 2009, kila kiangazi, watafiti hutega kamera zinazojipiga zenyewe katika vituo 60 ndani ya msitu wa Mwanihana, kila moja ikikaa kama siku 30, na kituo chao cha ufuatiliaji kipo Mang'ula. Ni kamera za namna hiyo zilizomnasa, 2005 katika msitu mwingine wa milima hii, sengi mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu, ambaye sayansi haikuwa ikimjua. Akatangazwa rasmi 2008. Kamera hizo haziwezi kuchagua, ila hupiga kila kinachopita, mnyama au binadamu. Mmoja wa vijana wa Ifakara akauliza picha za watu zinawekwa wapi. Swali zuri, na mwanachuo wangu alilichukua: kuhesabu watu kwa kamera kunataka kibao kinachosema kuna kamera, na kunataka sura zifutwe baada ya kuhesabu. Mwanamke anayekwenda kuoga mtoni hakukubali kuwa takwimu.

Sanje yenyewe inaanguka mita 170 kwa hatua tatu. Sitaielezea, picha zinatosha, na nusu ya picha zangu zina kidole. Kwenye bwawa la juu tulikuwa karibu watu thelathini kwenye mawe yasiyotosha kumi na tano. Waliokuja na sabuni walikatazwa. Keki ilifika salama, ikakatwa kwa kisu cha mwongozaji, na kila aliyekuwepo akapata kipande, wale wazungu wawili pia, ambao waliimba kwa Kiswahili cha kujitahidi. Kutoka juu unaona bonde zima la Kilombero, miwa yote ile, na reli ya TAZARA kama uzi.

Reli hiyo ikienda Dar inapita ndani ya eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mmoja wa vijana wa kanisa ameipanda sana, akasema dirishani ameona twiga wengi kuliko alivyowahi kuwaona popote. Kijana wangu akatoa daftari: kundi jingine la *walioingia*.

Kushuka sitakusimulia. Magoti yanajua.

Jumatatu, 11 Agosti: Mang'ula hadi Dar

Basi la moja kwa moja linalotoka Ifakara, 26,000, saa mbili asubuhi, kuchelewa nusu saa tu. Mpaka Mikumi nililala.

Tulipoingia tena barabara ya hifadhini ilikuwa mchana mweupe. Kijana alitaka kuhesabu magari upya. Nikamwambia safari hii nahesabu mimi, na sihesabu magari. Nilihesabu abiria waliogeuza shingo. Kwa tembo, karibu basi zima. Kwa twiga, nusu. Kwa swala, mimi, mtoto wa kiti cha nyuma, na mwanamume mmoja aliyekuwa anatafuta mtandao dirishani, ambaye sina hakika nimwandike wapi. Tulibishana mpaka Doma kama aliyegeuza shingo ameshakuwa mgeni au bado ni aliyeingia tu. Kwa upande wangu, bibi yule wa Iringa alikuwa mgeni wa Mikumi miaka yote aliyopita na basi, alichokosa ni kibali. Kijana anasema ukikubali hivyo namba hazitafaa tena kulinganisha mwaka na mwaka, na ukishabadilisha maana ya neno katikati, ongezeko lote utakaloliona ni la kwako mwenyewe. Katika hilo ana haki, na ripoti yake ameiandika kwa maana za vitabuni.

Mapendekezo yake ni matatu, nayaweka hapa kwa sababu nililipia nauli: saa ya kutoka iandikwe pamoja na saa ya kuingia, bwawani na Sanje watu wahesabiwe kwa wakati mmoja siku chache zilizochaguliwa, sikukuu zikiwemo, na kwenye kona za Sanje upimwe upana wa njia kila mwaka kwa futi ya kawaida, mahali palepale. La tatu ni langu. Kaliandika kama lake.

Kwa atakayefuata, gharama za mtu mmoja, Alhamisi mpaka Jumatatu, kulala, kula, gari la kuchangia na viingilio vyote viwili, hazikuvuka laki tatu. Ukiweza kwenda wiki isiyo na sikukuu, bwawa la viboko utalikuta peke yako. Ukilazimika kwenda Nanenane au Idi, anza na bwawa saa moja na nusu asubuhi, tambarare baadaye, maana wote wengine hufanya kinyume. Sanje nenda siku ya kazi.

Ripoti imeshatumwa chuoni. Kidude cha kubofya kimebaki kwangu mpaka nilipwe ile 8,000 ya bodaboda za Sanje.